Vumbi Linaposhuka Kifuani

Majirani zangu hapa Turwa wanajua nilifanya kazi "ya kompyuta", basi. Tangu nistaafu nimeletewa simu zilizotumbukia kwenye ndoo, redio zilizokufa, na siku moja mashine ya kunyolea nywele. Nazipokea, nazigeuzageuza, nawarudishia wenyewe. Ninyi vijana mnaopita hapa na vyeti vyenu mkanikuta na jembe kwenye mahindi, nawaambia ukweli: sijui kutengeneza simu. Kazi yangu ilikuwa kuifuata hewa. Inavyoingia puani, inavyopita kooni, inavyogawanyika kifuani, na imebeba nini. Hatukumpasua mtu. Tulijenga koo lake ndani ya kompyuta, tukapitisha hewa, tukamwaga vumbi humo, tukatazama linatua wapi.

"Shikamoo mama. Na hiyo nayo ni kazi?" mmoja wenu aliniuliza juzi.

Marahaba. Ni kazi. Kaa nikuambie.

Nilisomea uhandisi wa mitambo kwa sababu moja tu. Kwetu Itiryo tulibeba maji kichwani kutoka bondeni, na nilitaka nirudi na pampu. Sikurudi na pampu. Chuoni Dar es Salaam nilipelekwa kumsaidia Daktari Kalolo, bingwa wa kusoma picha za kifua, ambaye alikuwa anatafuta mhandisi anayejua mabomba. "Mapafu ni mabomba tu, binti," aliniambia siku ya kwanza. Miaka yote iliyofuata aliitumia kunionyesha kwamba alikuwa ananitania.

Koo langu la kwanza nililichora kifundi bomba. Bomba moja limenyooka, linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, yote laini kama plastiki ya dukani. Nikamwaga vumbi. Likashuka lote hadi chini, kubwa kwa dogo. Nikachapisha picha, nikampelekea Daktari nikiwa nimevimba kwa furaha. Akaitazama, akavua miwani.

"Bhoke, huyu mtu wako hana ulimi?"

Nikaitazama picha upya.

"Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema haaa." Nikasema. Pumzi ikatoka ya moto. "Sasa puliza kama unapoza uji." Nikapuliza. Ikatoka baridi. "Mapafu ni yale yale. Umebadilisha nini?"

"Mdomo."

"Umbo la mdomo. Nenda kaniletee mtu mwenye ulimi."

Ndipo nilipojifunza kwamba nyuma ya ulimi njia ya hewa inakata kona kali kwenda chini, halafu inabanwa kwenye sanduku la sauti, halafu ndiyo inafunguka. Vumbi kubwa ni kama lori la magunia linaloteremka mlima kwa kasi. Kona inalishinda, linagonga ukuta, linanasa kwenye kamasi, unalitema au unalimeza. Vumbi dogo ni pikipiki. Linapinda na hewa kila kona, tawi baada ya tawi, mpaka kule chini ambako hewa imepoa mwendo, na huko ndiko linakotua. Kumbukeni hilo, kwa sababu watu huogopa vumbi wanaloliona. Lile linaloonekana vizuri, mara nyingi pua na koo hulimaliza.

Kuna makosa mengine ya kipuuzi tu. Picha za hospitali zilipimwa kwa milimita, programu yangu ikasoma mita. Nikakaa siku kadhaa nikishangaa kwa nini vumbi linaanguka ndani ya koo kama mchanga unaoteremshwa kwenye tipa, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama mgonjwa wangu ni binadamu, maana kwenye koo lile lori lingeingia na kugeuza. Tangu hapo, kabla ya jambo lolote, napima upana wa koo kwenye skrini, halafu natazama kidole gumba changu. Kama viwili hivyo havikaribiani, sianzi kazi. Nanyi msianze.

Na wavu. Kompyuta haiwezi kuihesabu hewa ikiwa nzima. Unaikata iwe vijumba vidogo vidogo, kama macho ya wavu, na kompyuta inauliza kila kijumba: umepokea hewa kiasi gani, nani anakusukuma, wewe unampa nani? Mvivu hukata macho ya wavu yawe sawa kila mahali. Lakini mambo makubwa yanatokea ukutani. Hewa inayogusa ukuta imesimama kabisa, na pembeni yake kidogo tu nyingine inakimbia. Yabane macho ya wavu ukutani, katikati unaweza kulegeza. Ukishapata jibu, urudie kazi yote kwa wavu mwembamba zaidi. Jibu likibadilika, basi hukuwa na jibu.

Enzi zetu pumzi moja ilichukua karibu wiki kuhesabiwa, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi kazi, mgonjwa wako anakata roho akiwa katikati ya kuvuta hewa. Nililia kwa ajili hiyo, msicheke. Siku hizi mnakodi kompyuta zilizo nchi nyingine, na pumzi inakamilika chai ikiwa bado ya moto. Vizuri. Lakini kompyuta ya haraka nayo inakosea haraka.

Hayo yote nilikuwa nayajua kwa kichwa tu, mpaka alipougua dada yangu Robi.

Robi alinitangulia kuzaliwa, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa shambani. Mume wake alipofariki alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu, si mbali na nyumbani. Kazi ya wanawake pale ilikuwa kuponda mawe. Wanakaa kwenye mstari, kila mmoja na jiwe lake la chini na nyundo, wanaponda mpaka vipande vinatosha kuingia kwenye karasha. Karasha ni ngoma ya chuma inayozunguka na kusaga mawe mpaka yanakuwa unga. Siku nzima mahali pale panakuwa na ukungu mweupe. Wanawake wakisimama jioni unadhani wametoka kwenye mashine ya kukoboa.

Kila nilipokuja likizo kikohozi cha Robi kilikuwa kimesogea mbele hatua. Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Nikampeleka Mwanza kupigwa picha za kifua, zile zinazomkata mtu kwa macho vipande vipande kama mkate, nikazituma kwa Daktari Kalolo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Alinipigia simu mwenyewe.

"Hii si TB, Bhoke. Hayo ni mawe."

"Atapona?"

"Yaliyoingia hayatoki. Kazi yenu sasa ni yasiongezeke."

Nilimwambia Robi siku ile ile, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake. Nikamwambia aje akae na mimi Dar es Salaam, aache nyundo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wenzangu?" akauliza.

"Mimi nazungumza habari zako, dada."

"Ukiniondoa mimi, kesho anakaa mwingine pale pale nilipokaa. Wewe si ndiye unayejua habari za vumbi? Serikali imekusomesha. Njoo uwaambie."

Nilijaribu kubishana naye. Anayewajua wanawake wa Kikurya anajua mabishano yale yaliishaje.

Nikaanza kazi. Niliomba ruhusa yake nitumie picha zake, akaitoa. Nilikuwa nimeshapita ndani ya makoo ya watu wengi nisiowajua, lakini hili sikuweza kulichukulia kama kazi. Nilipokuwa nalisafisha kwenye skrini, kipande kwa kipande, nikafika kwenye sanduku la sauti nikasimama. Humo ndimo ilimokuwa inatoka sauti iliyoniamsha twende bondeni kuchota maji. Nikaenda nje, nikarudi, nikaendelea.

Kisha nikaenda machimboni kukaa nao, maana kompyuta inabeba pumzi uliyoipa. Mtu anayeponda mawe hapumui kama mtu aliyelala kitandani. Anahema. Anafungua mdomo, na akishafungua mdomo, pua ambayo ni chujio lake la kwanza inarukwa. Nikaona pia kwamba wote walijifunga kipande cha kanga usoni na kuamini kimewatosha. Nikaviweka vyote ndani ya kompyuta: ule uhemaji, mdomo wazi, na kitambaa. Matokeo hayakunifurahisha. Hewa hupenda njia rahisi. Kando ya pua, pale kitambaa kinaponyanyuka kidogo, ndipo ilipokuwa inapita kwa wingi, na vumbi dogo nyuma yake. Na lile dogo zaidi lilipenya hata katikati ya nyuzi.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa Robi. Nilifungua kompyuta mezani kwake, akavuta kiti.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Chembe kubwa. Zimegonga hapa nyuma ya ulimi. Hizi utazitema."

"Na hizi za bluu?"

"Ndogo. Zinapinda na hewa, zinashuka."

"Zinashuka mpaka wapi?"

"Mpaka picha inapoishia. Matawi ya chini ni membamba mno, mashine ya hospitali haiyaoni vizuri. Kuanzia hapo tunakisia kwa hesabu."

Akatazama zile bluu zikishuka, zikipotea pembeni mwa skrini.

"Wewe huoni," akasema. "Mimi najua ziliko. Nazisikia nikipanda kilima."

Nimefundisha miaka mingi. Sijawahi kusikia mtu akiueleza mpaka wa kazi yetu vizuri kuliko vile. Mkiandika ripoti, semeni wazi macho yenu yanaishia wapi. Baada ya hapo kuna mtu.

Tukaitisha mkutano wa wanawake pale machimboni. Nilining'iniza shuka jeupe, nikawasha projekta kwa jenereta, nikaeleza vizuri kama nilivyozoea kueleza darasani. Walitazama kwa adabu. Nilipomaliza akasimama Wankuru, mama wa watoto wadogo, mponda mawe hodari kuliko wote.

"Dada, tumeshukuru. Lakini hilo ni koo la Robi, na Robi kifua chake tunakijua. Tena hayo ni mambo ya kompyuta. Hata mwanangu anaendesha gari kwenye simu, linagonga ukuta kila siku, hajafa mtu."

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni niliungua. Kila nilichowaonyesha kilikuwa sahihi na hakikuwafikia. Robi alikuwa mbele, hakucheka. Akaniangalia kama aliyekuwa anangoja nifanye jambo lingine.

Usiku huo... hapana, sitawadanganya kwamba nilikesha. Nililala kwa uchovu. Asubuhi, nikiwa nachochea uji, ndipo nilipokumbuka kwa wakwe zangu. Mume wangu ni mtu wa Robanda, kijiji kilichopakana na hifadhi, na kule tembo wakianza kuingia mashambani watu hutwanga pilipili kavu, wanachanganya na kinyesi cha ng'ombe, wanachoma ili moshi uwafukuze. Mama mkwe akianza kutwanga, nyumba nzima inakimbia. Ila akinyunyiza maji kidogo kwenye kinu, tunabaki.

Nikarudi machimboni na kinu, mchi na mfuko wa pilipili.

"Wankuru," nikamwambia, "jifunge kitambaa chako kama siku zote. Kaza unavyotaka. Kisha utwange."

Akajifunga kwa mbwembwe, akatwanga. Hakufika mbali. Macho yalimjaa machozi, akaachia mchi, akakohoa mpaka akashika magoti. Waliokaa karibu nao wakaanza kupiga chafya, mstari mzima.

"Imepita wapi?" nikamuuliza.

Akagusa kando ya pua. "Hapa. Na hapa."

"Kompyuta ilisema hapo hapo."

Nikanyunyiza maji kinuni. "Twanga tena."

Alinitazama kama adui, lakini akatwanga. Akaendelea kutwanga. Watu wakasogea karibu, wakainamia kinu. Hakuna aliyekohoa.

"Pilipili inawasha, ndiyo maana mwili unapiga kelele," nikawaambia. "Vumbi la jiwe haliwashi. Linaingia kimya. Mtalisikia baada ya miaka, na likishafika kule haliondoki. Ila maji hulilaza pale pale juu ya jiwe, kama yalivyoilaza pilipili."

Wankuru alijifuta machozi. Hakunijibu mimi. Alimgeukia Robi, akamshika mkono, akasema kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika.

Tulikuwa hatujamaliza. Mwenye machimbo na karasha, mzee Chacha, alikuwa amesimama nyuma muda wote.

"Mimi nimeelewa," alisema, "lakini mawe ya maji yanaganda kwenye ngoma yangu kama ugali uliotelekezwa kwenye sufuria. Mkimwagia maji, mtafute karasha lingine."

Karasha lingine halikuwepo. Nikaanza kumweleza habari za upepo na chembe, kwa sauti ya mkutano. Robi akasimama. Alisimama polepole, akasubiri pumzi imfikie.

"Chacha, tumekaa hapa tangu kichwa chako kina nywele nyeusi. Hatugombani. Ila jiwe kavu hatupondi tena."

Akaweka nyundo chini. Wankuru akaweka yake. Zikawekwa zote, moja baada ya nyingine, na nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia pale mchana: kimya.

Haikuisha siku hiyo. Wanawake walikuja kila asubuhi, wakakaa mahali pao, hawakuponda. Nami niliogopa, niwaambieni. Ni rahisi kuhimiza watu wakati sahani yako nyumbani imejaa. Aliyetutoa kwenye mkwamo ni Wankuru. Alisema mawe yapondwe kwa maji, vipande vianikwe kwenye turubai juani, viingie karashani vikiwa vikavu. Wakajaribu na rundo dogo. Chacha alisimama karibu na ngoma mikono nyuma, akisikiliza kama baba anayesikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa. Ngoma ilizunguka vizuri. Alisaga mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Haya."

Bado karasha lenyewe lilikuwa linarusha vumbi, na lilikuwa upande wa ziwa, ambako upepo wa mchana hutokea. Kila lilichotoa kiliwapitia wanawake usoni. Nikauchora uwanja mzima kwenye kompyuta, nikapitisha upepo, nikamwonyesha Chacha. Huyu sasa aliangalia. "Yaani mnanihamisha kwenye machimbo yangu mwenyewe," alisema. Lakini alilihamisha, akalizungushia mabati, na vijana wake wa ngomani wakavaa barakoa halisi zinazoshika uso, zilizotengenezwa kwa kazi ya vumbi. Nilikuja na kifaa cha chuo cha kupima hewa. Vumbi halikwisha. Lilipungua, na lilipungua vizuri.

Msidhani mambo yalikwenda sawa daima. Kiangazi maji yaliwapa shida, wengine wakarudi kuponda kavu kwa kificho, na wapo walioondoka wakaenda machimbo mengine yasiyo na masharti. Wankuru ndiye aliyesimama kidete. Akiona vumbi linapanda mahali, unamsikia toka barabarani: "Maji hapo! Maji!"

Robi aliacha nyundo, lakini hakuacha kwenda. Alikaa pale kama msimamizi, akiangalia wanaoanza kazi wanafundishwa. Alidumu kuliko alivyotabiriwa. Mwishoni sentensi moja alikuwa anaigawa mara mbili, akivuta hewa katikati, na alilala akiwa ameegemea mito kwa sababu akilala chali hakupata pumzi. Nilihamia kwake nikamuuguza.

Siku moja aliniuliza, "Lile koo langu... utalifanyia nini nikiondoka?"

"Ukiruhusu, wanafunzi watajifunzia."

"Nimeruhusu. Na jina langu uliandike."

"Haturuhusiwi, dada. Picha za watu hazibebi majina. Ni kwa ajili ya kumlinda mtu."

"Kunilinda na nini? Nitakuwa nimekufa." Akapumzika. "Wasipojua jina... watajuaje kwamba ni mtu? Watadhani ni mchoro."

Nilimtengenezea mito.

Alifariki mchana, Wankuru akiwa amemshika upande mmoja na mimi mwingine. Baada ya matanga niliwauliza wanawe habari za koo na jina, wakasema mama alishasema, itoshe. Lakini kanuni ni kanuni, na ni nzuri. Koo lake limo kwenye makusanyo mnayofundishiwa, halina jina, na sitawaambia ni lipi. Kwa hiyo jina nimeliandika hapa. Na ninyi, koo lolote mtakalopewa, kabla hamjaligusa, mlichukulie kuwa ni la Robi, binti Marwa, wa Itiryo.